Sumaku au Koili

Shemeji yangu Abdulnasir, anayefanya kazi Muscat, hatumi kitu kimoja kama viwili vinaweza kuleta usumbufu zaidi. Harusi ya binti yangu Ummi ilipokaribia alituma mashine ya santuri, mpya, imeviringishwa blanketi, na pamoja nayo vichwa viwili vya sindano. Akasema kwenye simu tuchague kimoja. Cha pili kirudi na Bakar, aliyetuletea mzigo, ambaye angesafiri tena Jumamosi.

"Shemeji, fundi ni wewe," alisema. "Sikiliza vyote, halafu chagua."

Nina stashahada ya umeme na duka la kutengeneza feni na pasi karibu na bandari ya Mkoani, Pemba. Sikuhitaji kusikiliza. Nilisoma karatasi iliyokuja navyo nikawa nimeshachagua kabla chai yangu haijapoa.

Kichwa ni kile kidude kidogo kwenye ncha ya mkono wa mashine, chenye sindano inayopita katika mistari ya santuri. Sindano ikitikisika unazaliwa umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaokuzwa ukawa sauti. Kichwa cha kwanza kinatikisa sumaku, nyaya zake zimetulia. Cha pili ni kinyume: sumaku imetulia, na kinachotikisika ni koili, waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa mara nyingi. Cha sumaku kina sauti ya nguvu, na sindano yake ikiisha unaichomoa kwa vidole unachomeka nyingine. Cha koili kinanong'ona. Lazima kipitie kwanza kijisanduku cha kukuza sauti, na sindano yake ikivunjika hakuna cha kuchomoa, kichwa kizima kinarudi kiwandani. Harusi ina watoto. Watoto wana vidole. Nilichagua sumaku.

Mambo yangeishia hapo kama Mwalimu Egidius asingepita. Mwalimu Egidius ni mtu wa Bukoba, anafundisha fizikia sekondari na amepanga chumba chetu cha uani. Ni mpangaji mzuri, ila hawezi kuona kitu chenye waya akanyamaza. Alikiokota kichwa cha koili mezani, akakiinua kwenye mwanga kama sonara.

"Mama Ummi, ukikirudisha hiki utakuwa umetenda dhambi."

"Dhambi zangu nazijua, Mwalimu. Hiyo haimo."

"Koili ni nyepesi, inafuata kila kitu. Na ncha yake hii imechongwa nyembamba, inashuka mpaka chini ya mstari, pale ambapo sindano za zamani hazijawahi kuchubua. Kwenye ile santuri yenu mtasikia mpaka nani anavuta pumzi."

Walikuwapo bibi wawili mkekani, wanakunja vitambaa vya harusi. Mikono yao ikasimama.

Mmoja alikuwa mama mkwe wangu, Bi Ummkulthum. Wa pili alikuwa Bi Mwatima, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Walipokuwa wasichana walikuwa waitikiaji katika kikundi cha taarabu Chake Chake. Siku moja wakaja mafundi na mashine zao, wakarikodi, na baadaye ikatoka santuri moja. Wimbo wenyewe unamwambia mtu asiyetajwa kwamba kiti alichokalia hakikuwa chake. Beti mbili za mwanzo anaimba mwanamume. Beti ya tatu anaipokea msichana, peke yake, na jina lake halikuandikwa popote.

Bi Ummkulthum anasema ni yeye. Bi Mwatima anasema ni yeye. Wanasema hivyo tangu kabla mimi sijazaliwa, na santuri imechakaa kiasi kwamba msichana mwenyewe anasikika kama anaimba ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Shida ni kwamba kwetu santuri hiyo hupigwa bibi harusi anapotoka kuonekana na wanawake. Beti ya tatu ikifika, mwenye sauti husimama, na bibi harusi humpachika kikuba kifuani, kile kifungu cha asumini na mrehani, wanawake wakapiga vigelegele. Kikuba kimoja. Katika harusi ya mpwa wa Bi Mwatima walisimama wote wawili, wakasukumana, sinia la halua likapinduka, na bibi harusi akarudi ndani akilia na kikuba chake mkononi. Ummi alikuwapo. Alikuwa ameniambia waziwazi: "Mama, mie sitaki harusi kama ile. Nataka nijue kabla, nampa nani."

Ndiyo maana maneno ya Egidius hayakupita bure.

"Basi itiwe hiyo koili," alisema Bi Mwatima. "Mie sina la kuficha."

"Itiwe leo hii," alisema mama mkwe. "Kwani nani kaficha?"

"Aliyeficha anajijua."

"Anajijua, na sura kaikunja kama kitambaa hicho."

Nikawaambia nitafikiria. Egidius akaenda zake kusahihisha madaftari, amefurahi kama mtu aliyesaidia.

Kufikia kesho yake Mkoani nzima ilikuwa na habari kwamba mke wa fulani ameletewa kipimo cha sauti kutoka Uarabuni. Ukikitegesha kinakutajia jina la aliyeimba. Mwanamke mmoja alikuja dukani na simu yake, akataka koili imsikilize mumewe kwenye ujumbe wa sauti iseme kama kweli yuko Wete. Nikamwambia ampigie simu ya picha. Akasema hilo hakuwa amelifikiria, akaondoka na uso ambao singependa kuwa mume wake.

Siku hiyohiyo nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe jikoni anamenya vitunguu thomu. Tangu niolewe sijamwona akimenya thomu. Husema inamwingia kwenye kucha.

"Nilikuwa nafikiria watoto," akaanza.

"Watoto gani, mama?"

"Wa watu. Harusini. Na vidole vyao. Ulisema mwenyewe ile ya sumaku inachomolewa sindano ikatiwa nyingine. Mie naona hiyo ndiyo ya watu wenye akili."

"Jana ulisema koili itiwe leo hii."

"Jana nilikuwa nasema na Mwatima. Sasa nasema na weye."

Nikachukua kisu cha pili nikamsaidia. Mtu akimenya thomu namna ile, humkatizi.

Asubuhi yake Bi Mwatima alikuja dukani na mkate wa ufuta, wa moto, umefunikwa kitambaa, na kwapani ana feni ya mezani.

"Hii haina kitu," nilimwambia baada ya kuiwasha.

"Haina?"

"Inazunguka vizuri kuliko zote za hapa dukani."

"Basi alhamdulillahi." Akakaa. Akaangalia nje, akaangalia pasi, akaangalia dari. "Ile ya sumaku, Mama Ummi. Nasikia sindano yake inachomolewa. Kitu cha nyumbani kiwe cha kuchomoka. Shoga yangu kanieleza nikaelewa."

"Shoga yako yupi?"

"Nani?"

"Aliyekueleza. Hayo tuliyasema mimi na mama mkwe tu, jana, jikoni."

Bi Mwatima akavuta mkate wa ufuta karibu yangu. "Kula, utapoa."

Nilikula, ulikuwa mzuri, na nilipokuwa nakula nilipiga hesabu. Kama mmoja angeiogopa koili, ningejua mwenye sauti ni mwenzake. Wameogopa wote wawili. Na watu wanaogombana hadharani wanaambizana habari za sindano kupitia ukuta wa uani. Nilikuwa nimeshachagua sumaku, nina sababu za kutosha, na sababu hizo zilikuwa sahihi. Lakini mtu akiletewa mkate ili asisikilize kitu, atakuwa mjinga asipokisikiliza.

Nilifunga duka mchana, nikaenda chumbani kwangu ambako mashine ilikuwa, nikavaa hedifoni. Nilianza na kichwa cha sumaku. Sauti ilijaa, ngoma ikapiga kifua, na beti ya tatu ikaja vilevile ninavyoijua, msichana ndani ya sufuria. Nikakichomoa, nikatia cha koili, nikaunganisha kile kijisanduku.

Mwanzoni nilidhani kimekufa, kwa jinsi kilivyokuwa kimya. Halafu nikasikia kiti kikisogezwa sakafuni. Nikasikia mpiga fidla akigusa waya kwa ukucha. Beti ya kwanza, ya pili. Kabla ya ya tatu mtu akavuta pumzi kwa pua, fupi, kama anayejiandaa kugombeza, akaanza juu kabisa na kuiteremsha sauti mpaka chini kama ndoo inayoachiwa kisimani.

Sauti hiyo iliniamsha alfajiri utoto wangu wote.

Nikarudisha sindano nikasikiliza tena. Hakuna namna ya kukosea. Ni mama yangu mzazi, Mwalimu Bimkubwa wa Kiuyu, aliyefundisha Kurani nusu ya wanawake wa kaskazini ya Pemba. Nyumbani kwetu redio iliruhusiwa kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo tu. Nilipokuwa darasa la sita alinikuta nimeweka sikio kwenye dirisha la jirani, nasikiliza taarabu, akanisimamisha uani mpaka nilipoisoma sura nzima bila kukwama. Ndiye huyo, msichana, anamwambia mtu asiyetajwa kwamba kiti alichokalia hakikuwa chake, na anavyolisema utadhani amekuja kukichukua.

Nilitoka nikawakuta wale wawili ukutani, kila mmoja upande wake, wananong'ona. Nikawaita ndani nikafunga mlango.

"Nimemsikia mama," nikasema.

Bi Ummkulthum akakaa kitandani. Bi Mwatima akatafuta pa kukaa, akakaa papo hapo, bega kwa bega naye.

"Nilikwambia," Bi Mwatima alimwambia mwenzake, "ungemenya na vitunguu maji."

"Semeni."

Wakasema, kwa kupokezana, kama waitikiaji walivyo. Mama alikuwa akisoma Chake Chake, amekaa kwa mjomba wake. Siku ya kurikodi aliwafuata kutazama tu. Mwimbaji wa beti ya tatu alikuwa na homa, mafundi wana haraka, na Bimkubwa akasema yeye beti anaijua. Santuri ilipotoka babu yangu kule Kiuyu akapata fununu. Babu yangu hakuwa mtu wa kusikia fununu akalala. Akafunga safari mpaka Chake Chake kuuliza.

"Tukamwendea," alisema mama mkwe. "Mie nikasema, mzee, ile sauti yangu."

"Na mie nikasema yangu," alisema Bi Mwatima. "Tulikuwa hatukupatana nani aseme. Kila mtu kakurupuka."

"Tukaanza kugombana mbele yake. Alipoona wawili wanaigombea akaamini ni mmoja wetu, akarudi kwao."

"Na kugombana kwenu kukaendelea mpaka leo?"

"Tungeacha watu wangeuliza. Mwenzetu kaolewa, kawa mwalimu, kila mwaka anazidi kuheshimiwa. Ungeacha vipi?"

"Na sinia la halua?"

"Pale alinikanyaga kweli," alisema Bi Mwatima. "Halafu huyu, Mama Ummi, ukweli ni kwamba siku hizi anaamini. Anadhani aliimba kweli."

"Nina kumbukumbu nzuri ya siku ile," alisema mama mkwe kwa heshima zote.

Mama yangu aliwasili Ijumaa baada ya sala, na mkoba wake, na mchele wa kwao kwa sababu hauamini wa Mkoani. Alikaa kwenye busati akaanza kuuchagua. Bakar angeondoka kesho yake, Ummi alikuwa ananitazama kila nikipita, na mimi sijui kuzunguka jambo. Nilikaa mbele yake.

"Mama, beti ya tatu ni wewe."

Alitoa kijiwe akakitupa pembeni. "Nani kasema?"

"Koili."

"Ndiyo nani huyo?"

Nikamweleza, kama nilivyowaeleza wengine: sumaku inayotikisika, koili inayotikisika, nguvu na mnong'ono, sindano inayochomoka na isiyochomoka. Alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi anayesoma, jicho kwenye mchele, sikio kwangu.

"Kwa hiyo mkitia ya sumaku hatajulikana mtu," alisema.

"Hatajulikana. Bi Ummkulthum na Bi Mwatima watasimama wote wawili, na Ummi hatajua ampe nani kikuba. Tutaondoa halua mapema."

"Na ile nyingine?"

"Ile nyingine, yeyote uliyewahi kumwamsha atakujua."

Akachagua mchele muda mrefu. Nilidhani ameshaamua, na niliona ameamua sumaku, na nilikuwa tayari kukubali. Ni jina lake.

"Nisikilizishe," akasema.

Nilimvalisha hedifoni juu ya mtandio. Nikapiga cha sumaku. Beti ya tatu ilipofika alikunja uso.

"Huyu ana mafua."

"Ndivyo inavyosikika siku zote, mama."

"Siku zote? Harusi zote hizo? Mbele za watu?"

"Zote."

Nikabadilisha, nikatia koili. Alifumba macho. Sikuwa nasikia kitu, hedifoni ziko kwake, lakini niliijua beti ilipofika kwa sababu alivuta pumzi kwa pua. Ilipokwisha hakuvua.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hiyo ya mafua mpe Bakar," alisema.

"Mama, fikiri vizuri. Watu watakujua."

"Watu gani? Nusu yao nimewafundisha alifu na hawakunisikiliza. Wacha wanisikilize."

"Na babu? Na jina lako? Kote uliko unakataza nyimbo."

"Babu yako katangulia, Mungu amrehemu, na ndiye niliyekuwa namwogopa. Nyimbo nilikukataza wewe kwa sababu ulikuwa huna sauti, ungepoteza muda." Akavua hedifoni akazikunja vizuri. "Mie kama nasikilizwa, nisikilizwe sawasawa. Sitasimama lakini. Mtu mzima mie. Na hao wenzangu usiwaambie kitu, wana mdomo."

Nikamkumbusha kwamba sindano ya koili haibadilishwi, mtoto mmoja akiigusa basi.

"Basi mtoto asiguse," alisema, akarudi kwenye mchele.

Jumamosi Bakar alichukua kichwa cha sumaku, kile nilichokichagua kwa sababu zote nzuri, akaenda nacho. Mwalimu Egidius alinipa mkono wa pongezi. Nikamwambia asizoee.

Ummi naye nilimwambia neno moja tu: asubiri, asiende kwa yeyote mpaka nimwashirie. Aliniuliza nani. Nikamwambia hata mimi sijui kama mwenyewe atakubali.

Jumapili alasiri uani kwetu kulikuwa kumejaa wanawake mpaka juu ya ukuta. Ummi alitoka, mzuri, kikuba mkononi, nami nikashusha sindano. Watu waliokuwa wanazungumza waliendelea kidogo, kisha wakaacha, mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amewahi kukisikia kile kiti kikisogezwa. Beti ya kwanza. Ya pili. Ikavutwa ile pumzi.

Wanawake wa Kiuyu, waliokuwa safu ya nyuma, walikaa wima wote pamoja, kama walioitwa majina.

Na hapo Bi Ummkulthum akasimama. Bi Mwatima akasimama. Hawakusukumana. Walijipanga bega kwa bega mbele ya mama yangu, wakatandaza kanga zao kama pazia, na kila mmoja akajigonga kifua kuonyesha kwamba sauti ni yake. Ummi alinitazama mimi, uso umeanza kubadilika, na nikaona ileile harusi ya halua inakuja upya, safari hii nyumbani kwangu.

Mama yangu aliinamisha kichwa upande mmoja, akajaribu kutazama spika kati ya viuno vyao, akashindwa.

"Kaeni chini," alisema. "Mnanizibia."

Hakupaza sauti, lakini aliianza juu akaiteremsha. Msichana kwenye santuri alikuwa katikati ya mstari wake, na ua mzima ulizisikia sauti zote mbili kwa pamoja. Mtu wa Kiuyu akasema, "Mwalimu?" na hakumalizia. Wale wawili wakakaa.

Sikuwa na haja ya kuashiria. Ummi alikuwa ameshafika, amepiga magoti mbele ya bibi yake, anatafuta pa kupachika kikuba kwenye mtandio. Vigelegele vilivyopigwa vilinifanya nishike mkono wa mashine kwa hofu ya sindano kuruka.

"Pole pole, mtoto," mama alimwambia Ummi, jicho liko kwenye spika. "Ngoja. Hapa. Hapa nilichelewa kupokea."

"Hukuchelewa," alisema Bi Mwatima.

"Alichelewa," alisema mama mkwe. "Mie nisingechelewa."

Wakaanza. Nilivuta stuli, nikakaa mbele ya mashine, nikanyoosha miguu kuwazuia watoto.